KETONI: JENERETA YA MWILI, FAIDA YAKE NA HATARI YAKE



Kila unapokaribia mwezi wa kufunga, katika vikao vya elimu ya afya vya Bububu, kaskazini ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, swali moja huwa halikosekani. Mtu anayekaa toka alfajiri hadi magharibi bila kutia kitu kinywani, mwili wake unaendeshwa na nini? Mara nyingi hufuata swali la pili, nalo huulizwa kwa sauti ya chini zaidi: kwa nini mtoto mwenye kisukari akizidiwa pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi?

Maswali haya mawili yanaonekana kuwa mbalimbali, lakini jibu lake ni moja: ketoni. Ketoni ni nishati ya akiba ambayo mwili wenyewe huitengeneza kutokana na mafuta. Kwa mtu mwenye afya ni msaada mkubwa. Kwa mtu asiye na insulini inaweza kumuua katika siku chache. Makala haya yanaeleza ketoni zinavyotengenezwa, zinavyotusaidia, zinavyogeuka kuwa sumu, na mambo ambayo kamati ya usharika inaweza kufanya ili mtoto asipotee kwa sababu ya kutojua.

Umeme wa gridi, betri na jenereta

Wakazi wa Unguja wanajua maana ya kukatikiwa umeme. Umeme wetu unatoka Tanzania Bara kwa waya unaopita chini ya bahari. Waya wa zamani, uliotoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ulipoharibika mwezi Mei 2008, kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja. Tatizo likarudi Desemba 2009, na safari hiyo giza liliendelea hadi Machi 2010, yaani miezi 3. Mwaka 2013 ndipo waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 ulipoanza kazi, ukiishia Mtoni, njiani kuelekea Bububu.

Katika siku zile za giza kila nyumba na kila duka lilipanga mambo kwa ngazi tatu. Kwanza gridi, ikiwapo. Ikikatika, betri kwa saa chache. Betri ikiisha, jenereta.

Mwili wa binadamu nao umepangwa hivyo hivyo. Gridi ni chakula tulichokula punde: wali, muhogo, mkate, ndizi. Chakula hiki husagwa na kuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, ambayo kila kiungo kinaweza kuitumia. Betri ni glikojeni, ambayo ni sukari iliyofungwa na kuwekwa akiba. Ini la mtu mzima huweka takriban gramu 100 za glikojeni. Misuli huweka zaidi, karibu gramu 400, lakini ya kwenye misuli haiwezi kurudishwa kwenye damu. Misuli huitumia yenyewe. Sasa linganisha: ubongo peke yake hutumia takriban gramu 120 za glukosi kwa siku. Maana yake ni kwamba mtu asipokula, akiba ya ini lake huisha ndani ya siku moja hivi.

Baada ya hapo mwili hauna budi kuwasha jenereta.

Jenereta inavyowashwa

Anayeamuru jenereta iwashwe au izimwe ni kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Tunapokula, kongosho hutoa insulini. Insulini hufungua milango ya misuli na ya hifadhi za mafuta ili sukari iingie, na wakati huo huo huyaambia mafuta yabaki ghalani. Tunapokaa bila kula, insulini hupungua na homoni nyingine ya kongosho, iitwayo glukagoni, huongezeka. Hapo ini huanza kazi mbili kwa pamoja.

Kazi ya kwanza ni kuunda sukari mpya. Ini huchukua vipande vilivyobaki kutoka sehemu nyingine za mwili, likaviunga upya kuwa glukosi. Vipande hivyo ni lakteti inayotoka kwenye chembe nyekundu za damu na misuli, gliseroli inayotoka kwenye mafuta, na asidi amino zinazotoka kwenye protini ya misuli. Hiki cha mwisho ndicho chenye gharama. Kila gramu ya protini inayogeuzwa kuwa sukari imemegwa kwenye nyama ya mwili. Mtu angetegemea njia hii peke yake kuulisha ubongo, misuli yake ingeyeyuka kwa haraka sana, pamoja na ile ya kuvutia pumzi.

Kwa nini basi mwili usigeuze mafuta kuwa sukari? Mafuta yapo kwa wingi. Mtu mzima asiye mnene anaweza kuwa na kilo 12 za mafuta mwilini. Kilo moja ya mafuta hayo hubeba takriban kilokalori 7,700. Kwa matumizi ya kilokalori 2,000 kwa siku, hesabu ya karatasi inaonyesha akiba ya siku zaidi ya 40. Lakini kuna vikwazo viwili. Sehemu kubwa ya mafuta, yaani asidi za mafuta zenyewe, haiwezi kugeuzwa kuwa glukosi katika mwili wa binadamu. Tena ubongo hauwezi kuzitumia asidi hizo moja kwa moja kwa kiasi kinachotosha.

Hapa ndipo inapokuja kazi ya pili ya ini, yaani kutengeneza ketoni.

Ketoni zinavyotengenezwa

Insulini ikipungua, hifadhi za mafuta hufunguka na asidi za mafuta huingia kwenye damu. Ini huzipokea na kuzipeleka ndani ya mitokondria, ambavyo ni vijiko vya moto vilivyomo katika kila chembe ya ini. Humo asidi hizo hukatwakatwa, vipande viwili viwili vya kaboni, na kila kipande huitwa asetili. Vipande vikiwa vingi kuliko ini linavyoweza kuvichoma, ini huviunganisha na kupata kitu kiitwacho asetoasetati. Sehemu kubwa ya asetoasetati hugeuzwa kuwa beta-hidroksibutireti, na sehemu ndogo huvunjika yenyewe kuwa asetoni. Hizo tatu ndizo tunazoziita kwa jumla ketoni.

Asetoasetati na beta-hidroksibutireti ni ndogo na huyeyuka katika maji, kwa hiyo husafiri kwenye damu bila kuhitaji mbebaji, na huingia kwenye ubongo, moyo, figo na misuli. Huko hufunguliwa tena kuwa asetili na kuchomwa. Asetoni haina kazi kubwa. Hutoka kwa pumzi na mkojo. Ndiyo hiyo hiyo inayotumika madukani kuondolea rangi ya kucha, na ndiyo inayoipa pumzi ile harufu ya matunda yaliyoiva sana.

Jambo la kushangaza ni kwamba ini lenyewe haliwezi kutumia ketoni. Halina kimeng'enya cha kuzifungulia. Ini ni mpishi anayepika sufuria nzima kwa ajili ya wageni bila kuonja. Chembe nyekundu za damu nazo haziwezi kuzitumia, kwa kuwa hazina mitokondria. Hizo hubaki zikihitaji sukari, na ndiyo maana ini haliachi kuunda sukari kidogo hata njaa ikiwa ndefu.

Umuhimu wa ketoni kwa ubongo ulithibitishwa huko Boston, Marekani, mwaka 1967. Daktari George Cahill na wenzake waliwapima watu 3 wanene waliofunga chakula kwa wiki 5 hadi 6 wakiwa chini ya uangalizi wa hospitali. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba ubongo hauli kitu ila sukari. Vipimo vya damu iliyoingia na iliyotoka kichwani vilionyesha kwamba baada ya wiki hizo sehemu kubwa ya nishati ya ubongo ilikuwa ikitoka kwenye ketoni. Kwa njia hiyo misuli ilinusurika kumegwa kwa kasi ile ya siku za mwanzo.

Si moto tu, ni tofali pia

Ketoni zina kazi nyingine ambayo watu wengi hawaijui. Mtoto mchanga huzaliwa na ubongo mkubwa kulingana na mwili wake, na akiba yake ya sukari ni ndogo. Katika siku za kwanza, maziwa ya mama yakiwa bado machache, ini la mtoto hutengeneza ketoni ili ubongo usikose nishati. Baadaye takriban nusu ya nishati ya maziwa ya mama hutoka kwenye mafuta, na ketoni huendelea kutengenezwa.

Ubongo wa mtoto hauzichomi zote. Sehemu nyingine huzitumia kama tofali: kutokana nazo hujenga mafuta na kolesteroli za kufunika mishipa ya fahamu, kama vile plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kwa hiyo tunapowahimiza akina mama kumwanzisha mtoto titi la mama mapema, bila kuchanganya na kitu kingine, tunasaidia pia ujenzi huu.

Watoto wadogo hutengeneza ketoni haraka kuliko watu wazima. Mtoto wa miaka 4 aliyetapika siku nzima bila kula anaweza kukutwa na ketoni kwenye mkojo hata kama hana kisukari. Tafadhali mlikumbuke jambo hili, kwani tutalirudia hapa chini.

Ramadhani na Kwaresima

Bububu ni mahali ambapo Mkristo na Muislamu wanachota maji bomba moja na kupanda daladala moja. Mwanzoni mwa Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikiwa zimepishana siku chache tu. Basi ni vyema tuzungumze kuhusu kufunga kwa lugha inayotufaa sote.

Zanzibar iko karibu na ikweta, takriban nyuzi 6 kusini. Kwa sababu hiyo muda wa saumu hapa haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Ni takriban saa 13 na nusu. Kwa mtu mzima mwenye afya aliyekula daku, betri ya ini bado huwa na chaji jioni. Ketoni huanza kupanda kidogo tu. Kwa kawaida kiasi cha ketoni kwenye damu huwa chini ya milimoli 0.6 kwa lita. Anayefunga mchana wa Ramadhani hupanda kidogo kutoka hapo, kisha futari huzima jenereta kabisa. Hata wale wa Boston waliofunga kwa wiki kadhaa, ketoni zao zilipanda lakini hazikuvuka mpaka wa hatari. Kwa nini? Kwa sababu kongosho zao zilikuwa nzima. Ketoni zikizidi, kongosho hutoa insulini kidogo, na hiyo kidogo inatosha kuyaambia mafuta yapunguze mwendo.

Kwa hiyo tuondoe hofu: kufunga kwa mtu mwenye afya hakutii sumu mwilini. Kuna makundi, hata hivyo, yasiyopaswa kufunga bila ushauri wa daktari. Ni wenye kisukari wanaotegemea insulini, wajawazito wenye kisukari, na yeyote aliyelazwa karibuni kwa sababu ya ketoni au sukari kushuka mno. Dini zetu hazimlazimishi mgonjwa. Kwa ndugu zetu Waislamu ruhusa ya mgonjwa kutofunga imetajwa katika Kurani yenyewe, Sura ya Al-Baqara. Na sisi Walutheri hatuna sheria inayomfungia mgonjwa sahani yake. Aliye kiongozi wa dini akimwambia mgonjwa maneno haya waziwazi, anaweza kuwa ameokoa maisha.

Jenereta isiyozimika

Sasa tuje kwenye hatari yenyewe. Katika kisukari cha aina ya 1, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, kinga ya mwili huharibu zile chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Mtoto hakukipata kwa kula peremende, wala mzazi wake hakukosea. Insulini imekwisha tu.

Turudi kwenye mfano wetu. Umeme upo kwenye nguzo nje ya nyumba, tena mwingi kupita kiasi, lakini swichi ya nyumba imeng'olewa. Sukari imejaa kwenye damu, nayo misuli imefungiwa mlango. Mwili unaona giza, unadhani njaa imeingia, unawasha jenereta. Na kwa kuwa insulini ndiyo peke yake inayoweza kuizima, jenereta hunguruma usiku na mchana. Mafuta humiminika kwenye damu, ini hutengeneza ketoni bila kipimo, na juu ya hayo huunda sukari mpya ambayo haina pa kwenda. Moshi wa jenereta hujaa nyumbani.

Moshi huo ni asidi. Asetoasetati na beta-hidroksibutireti zote ni asidi. Zikiwa chache, damu huzimudu. Zikifika milimoli 3 kwa lita au zaidi, na damu ikawa na asidi kupita kiasi, hali hiyo huitwa ketoasidosisi ya kisukari. Madaktari hupima asidi hiyo kwa kipimo cha pH: damu ya kawaida ni kati ya 7.35 na 7.45, na ikishuka chini ya 7.3 kwa mgonjwa huyu, ni dharura.

Mwili hujitetea kwa njia mbili. Figo humwaga sukari na ketoni kwa mkojo, lakini pamoja nazo huondoka maji na chumvi, ikiwemo potasiamu ambayo moyo unaihitaji ili upige sawasawa. Mapafu nayo huvuta na kutoa pumzi nzito, ya haraka na ya kina, ili kupunguza asidi kwa kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hii mwaka 1874, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Mtoto hupumua kama aliyekimbia, ilhali amelala mkekani.

Kabla ya insulini, mtoto aliyefika hapo alikuwa wa kuzikwa. Tarehe 11 Januari 1922, katika mji wa Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alichomwa sindano ya kwanza ya insulini. Dawa ilikuwa bado haijasafishwa vizuri na haikumfaa. Mkemia James Collip aliisafisha upya, na tarehe 23 Januari Leonard akachomwa tena. Safari hii sukari kwenye mkojo wake karibu ikaisha, na ketoni zikatoweka. Jenereta ilizimika. Kijana huyo aliishi miaka 13 zaidi.

Kwa nini hugunduliwa kwa kuchelewa?

Dalili za mwanzo ni nne, na mzazi yeyote anaweza kuziona: mtoto anakunywa maji kupita kawaida, anakojoa mara kwa mara, anakonda ingawa anakula, na anachoka. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, hiyo pia ni dalili. Zisipozingatiwa, baada ya siku au wiki chache hufuata kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito, harufu ya matunda, usingizi usio wa kawaida, na mwisho kupoteza fahamu.

Tatizo ni kwamba dalili hizi zina wenzake. Kutapika na kulegea hudhaniwa malaria. Maumivu ya tumbo hudhaniwa minyoo au taifodi. Pumzi nzito hudhaniwa nimonia. Kupotewa na fahamu wapo wanaosema ni jini. Malaria imepungua sana Unguja tangu miaka ya 2000, ingawa haijaisha, lakini mazoea ya kuita kila homa na kila kutapika malaria hayajapungua kwa kasi ile ile. Mtoto apimwe malaria, ndiyo. Lakini apimwe na sukari siku hiyo hiyo.

Tanzania ina kumbukumbu zake kuhusu jambo hili. Kati ya mwaka 1981 na 1987 wagonjwa wapya 1,250 wa kisukari walisajiliwa na kufuatiliwa na madaktari wa Muhimbili, Dar es Salaam, chini ya Profesa Donald McLarty na Daktari Andrew Swai. Miongoni mwa waliotegemea insulini na kufariki, ketoasidosisi na maambukizi vilikuwa sababu kuu. Utafiti mwingine wa kundi hilo, wa miaka 10, ulikuta kwamba wagonjwa wapya walio chini ya miaka 20 jijini Dar es Salaam walikuwa takriban 1.5 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hiyo ni idadi ndogo. Lakini tukumbuke kwamba hesabu kama hii ni ya waliofika hospitali. Mtoto aliyefariki nyumbani kwa "homa kali" hayumo ndani yake.

Kipimo kimoja hakitoshi

Tumesema kwamba mtoto aliyekaa na njaa anaweza kuwa na ketoni bila kisukari. Kwa hiyo ketoni kwenye mkojo pekee si ushahidi kamili. Na sukari kubwa pekee haituambii kama damu imeshaanza kuwa na asidi. Vinatakiwa vyote viwili. Sukari ya kawaida au ya chini pamoja na ketoni, kwa mtoto asiye na kisukari, mara nyingi ni njaa au kutapika. Sukari iliyozidi milimoli 11 kwa lita pamoja na ketoni ni hatari. Mtoto aende hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana.

Kipimo cha mkojo ni kijiti kinachobadilika rangi, na bei yake si kubwa. Kina upungufu mmoja: huonyesha asetoasetati, lakini hakionyeshi beta-hidroksibutireti, ambayo ndiyo nyingi zaidi mgonjwa akizidiwa. Kwa hiyo kijiti kikionyesha ketoni kidogo na mtoto anapumua kwa taabu, tuamini pumzi yake kuliko kijiti.

Matibabu hayafanyiki nyumbani wala kanisani. Hospitalini mgonjwa hupewa maji kwa dripu, insulini kidogo kidogo, na potasiamu, huku akipimwa kila baada ya muda. Kuharakisha sana kunaweza kuufanya ubongo wa mtoto uvimbe. Hapa kisiwani hospitali ya Mnazi Mmoja ina kliniki ya kisukari, na kutoka Bububu hadi huko ni takriban kilomita 10. Kwa daladala mchana si mbali. Saa 8 usiku, mama akiwa hana nauli ya teksi, ni mbali sana.

Nini kifanyike?

Tunaziomba kamati za sharika, hasa kamati za diakonia na vikundi vya wanawake, zizingatie mambo yafuatayo:

1. Kufundisha dalili nne: kiu, mkojo mwingi, kukonda, kuchoka. Zifundishwe shule ya Jumapili, kwenye vikundi vya akina mama, na kwa majirani zetu wa dini zote. Walimu wa watoto ndio wa kwanza kumwona mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda chooni kila mara.

2. Kuhakikisha kwamba kituo cha afya kilicho jirani kina kipimo cha sukari na vijiti vya ketoni ambavyo havijapitwa na muda. Kamati inaweza kuuliza. Kuuliza ni bure.

3. Kutenga mfuko mdogo wa usafiri wa dharura, wenye mweka hazina anayejulikana na namba ya simu inayopatikana usiku.

4. Kuwaeleza wenye kisukari sheria ya siku ya ugonjwa: usiache insulini hata kama huli. Wengi hufikiri kwamba kwa kuwa hawajala, insulini haina kazi. Hii ndiyo siku jenereta inapowaka kwa nguvu zaidi. Wanywe maji mara kwa mara, wapime sukari na ketoni, na wamwone daktari mapema.

5. Kuhifadhi insulini mahali pa baridi. Isiyofunguliwa hukaa kwenye friji, isigande. Inayotumika hukaa takriban wiki 4 mahali pasipozidi nyuzi joto 30. Pasipo umeme, mtungi wa udongo uliolowekwa maji na kuwekwa kivulini husaidia sana. Chupa ya dawa ifungwe vizuri isilowe.

6. Kuwa waangalifu na matangazo ya simuni yanayowaambia wagonjwa waache wanga wote na watupe dawa. Mtu mwenye kongosho nzima anaweza kupunguza wanga bila hatari kubwa. Mwenye kisukari cha aina ya 1 akiacha insulini, hali yake inaweza kuwa mbaya mno kabla siku chache hazijapita.

7. Kuombea wagonjwa huku wakiendelea na dawa. Sala na insulini havigombani. Asiwepo mtumishi anayemwambia mzazi aache sindano ili kuonyesha imani.

Kwa wafadhili wetu tunaongeza neno moja. Misaada ya kisukari mara nyingi huelekezwa kwenye dawa, na ni sawa, kwani pasipo insulini hakuna uhai kwa watoto hawa. Lakini mtoto ambaye hajatambuliwa hafaidiki na insulini iliyo kabatini. Anahitaji kwanza mtu wa kumtilia shaka, kijiti cha kumpima, na gari la kumfikisha. Vitu hivi vitatu havipigwi picha nzuri wala haviwekwi jiwe la msingi, na kwa sababu hiyo husahauliwa kwenye bajeti. Tunaomba visisahauliwe.

Kwa kamati, tunashauri ajenda ya kikao kijacho iwe na swali moja tu kuhusu makala haya: mtoto wa mtaa wetu akianza kutapika na kupumua kwa nguvu usiku wa leo, nani atapigiwa simu, na nauli iko kwa nani? Jibu liandikwe kwenye muhtasari, na namba hiyo ibandikwe mlangoni.